Kapi Ndani ya Sauna ya Bibi

Mpini wa kapi ulikuwa na jasho, na hakuna mtu aliyekuwa ameushika bado.

Taisto aliufuta kwa suruali yake, akaendelea kukaza bolti. Alikuwa hodari wa mikono, na mbishi wa kupindukia. Katika sauna ya uani ya kuogea mvuke, aliyoirithi pamoja na nyumba ya bibi yake katika mji wa Kuhmo, kaskazini ya mbali, aling'oa jiko la chuma lililojazwa mawe juu, na mabenchi, akasimamisha fremu yake ya kunyanyulia vyuma. Sasa aliifungia fremu ile makapi mawili, moja juu na moja chini, na waya wa kupita humo, ili mkewe, Vuokko, apone mkono. Vuokko alikuwa mkata nywele. Mwezi wa pili aliteleza kwenye barafu, mkono wa kulia ukalegea kama tambara, na daktari akasema usipopata nguvu kabla ya vuli, basi tena.

"Anza na kilo mbili," alisema Taisto. "Ukichoka usinitukane."

"Nitakutukana hata nisipochoka."

Akavuta. Chuma kikapanda kwa ulaini wa ajabu, na chumba kikanuka majani ya mti wa mbetula yaliyolowekwa maji ya moto, yale ya kujipigia mwili saunani.

"Umewasha moto?"

"Niuwashe wapi? Jiko nimelipeleka kwa wanunuzi wa chuma chakavu."

Jumamosi ya tatu Vuokko alivuta kilo kumi na mbili. Alishika tena mkasi wake, akalia kwa furaha. Ila mkono ule ulikuwa wa moto. Siagi iliyeyuka kisuni kabla hajaipaka kwenye mkate.

Jumamosi ya nne, saa kumi na mbili jioni, jua la mwezi wa sita likiwa bado juu, alinong'ona, "Taisto. Mimi sivuti."

"Unavuta vizuri tu."

"Sivuti, nakwambia. Navutwa."

Taisto akacheka, kisha akaona kwamba vyuma vimetulia sakafuni, havijanyanyuka hata kidogo, ilhali waya umekaza na unarudi juu kidogo kidogo kuelekea kapi, na mkono wa mkewe unaufuata, na bega linaufuata mkono, na visigino vinaacha sakafu, na kutoka ile pembe lilipokuwa jiko inasikika pumzi ya mtu mzima anayeota joto lake, akiivuta polepole, kwa raha, bila haraka yoyote.

"Achia!"

"Vidole havifunguki!"

Alimkumbatia kiunoni, akamvuta kwa uzito wake wote mpaka mpini ukaachia.

Bibi Hilja, jirani yao aliyewapiga watu chuku kuwatoa damu chafu, alisikia kelele akaja mbio lakini hakuvuka kizingiti. Alinusa tu.

"Jiko liko wapi?"

"Nimeliuza chuma chakavu, Bibi."

"Na Jumamosi zote hizi, mvuke wa mwisho mmemwachia nani?"

Taisto aliinama. Kila mtoto wa huko analijua jambo hili: anayetoka wa mwisho humwaga kata moja ya maji juu ya mawe, hufunga mlango, na mvuke ule ni wa mwenye sauna, yule asiyeonekana. Yeye alidhani ni porojo za wazee.

"Ukipenda boga, penda na ua lake," alisema Hilja kwa sauti ya chini. "Umerithi nyumba, umerithi na waliomo. Amekosa joto la mawe, sasa analitafuta kwenye damu. Rudisha jiko leo hii."

"Na mkono wa mke wangu?"

Hilja alikuwa amekwisha kugeuka kwenda kuwatolea jiko lake.

Taisto alifungua bolti, akaitupa fremu na makapi yake nyasini. Wakaazima jiko la Hilja, wakaliweka pembeni pale pale, wakawasha. Vuokko mwenyewe alimwaga ile kata ya mwisho, kwa mkono wa kulia, akafunga mlango. Wakasimama nje wakisikiliza. Mawe yalifoka, yakanyamaza. Kisha kata ikagonga ndoo mle ndani, na mawe yakafoka mara ya pili.

Hapo hapo mkono wa Vuokko ukaanguka ubavuni, baridi.

"Ametulia," Taisto alisema, machozi yakimtoka. "Umesalimika, mke wangu."

Vuokko alijaribu kukunja vidole. Havikukunjika. Aliitazama fremu pale nyasini. Kisha akaokota ndoo kwa mkono wa kushoto, akaufungua mlango, na kabla mumewe hajamfikia alikuwa amekwisha kuumwagia moto maji yote, ukazimika.

"Funga kapi lako, Taisto," alisema. "Jumatatu nina wateja."