Kamba Iliyomezwa na Boti

Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, nyumba ya Mama Pacha iliamka mapema kuliko nyumba zote za kando ya mto. Mama Pacha alichemsha maji, akamwosha baba yake miguu, kisha akamsimamisha kwenye mizani iliyokaa nyuma ya mlango.

"Nimeongezeka?" Mzee aliuliza kila mara.

"Kilo mbili, Baba. Ni maji tu. Leo watayatoa."

Mzee alikuwa fundi cherehani. Alikuwa ameshona sare za shule kwa miaka arobaini. Sasa figo zake zilikuwa zimechoka kabisa, hazikuweza tena kusafisha damu. Ilibidi alale kwenye mashine ya hospitali mara tatu kwa wiki ili imfanyie kazi hiyo. Mtu wa hali yake asipokwenda, maji na uchafu hubaki mwilini. Miguu huvimba, pumzi hukatika. Kinachofuata kila mtu pale nyumbani alikijua, ingawa hakuna aliyethubutu kukitaja.

Hospitali ilikuwa juu ya mto, mwendo wa saa mbili kwa boti. Barabara ya gari haikuwapo. Mama Pacha ndiye aliyekuwa dereva. Alikuwa ameendesha boti za propela kwa miaka minane. Lakini mwaka ule maji yalipungua, mawe yakatokeza, na propela zikawa zinavunjika moja baada ya nyingine. Kwa hiyo yeye na mdogo wake waliuza boti ya zamani wakanunua boti ya jeti.

Boti ya jeti haina propela nje. Chini ya tumbo lake kuna tundu lenye vyuma vyembamba kama dirisha. Mashine hunyonya maji kupitia tundu hilo na kuyatupa nyuma kwa nguvu. Nguvu hiyo ndiyo inayoisukuma boti. Inapita hata penye maji ya magotini. Pale kijijini ilikuwa moja tu.

Mdogo wake Mama Pacha alikuwa mpiga lipu, lakini watu walimwita Injinia. Siku moja alitengeneza redio ya jirani, na tangu siku hiyo hakuna kitu kilichoharibika pale bila yeye kutoa ushauri. Ushauri wake ulikuwa wa bure, na mara nyingi thamani yake ilikuwa hiyohiyo.

Ijumaa moja walikuwa wamekwenda nusu saa tu walipomwona muuza vitunguu, jirani yao. Boti yake ilikuwa imegonga jiwe na propela imekatika. Alikuwa amesimama juu ya magunia, anapunga kanga kwa mikono miwili.

"Tusimame?" Mama Pacha aliuliza. Alikuwa akimtazama baba yake, si muuza vitunguu.

"Utamwacha jirani mtoni?" Mzee alisema. "Mvute mpaka kwenye mchanga pale. Ni karibu."

Injinia alifunga kamba ya nailoni nyuma ya boti yao na mbele ya boti ya vitunguu. Wakamvuta taratibu. Karibu na mchanga Mama Pacha alipunguza mwendo. Boti ya vitunguu, kwa uzito wake, haikupunguza. Ilisogea mbele, na kamba ikalegea na kuzama. Hakuna aliyeitazama. Muuza vitunguu alikuwa anashukuru, Injinia alikuwa anapokea shukrani.

Mama Pacha akaongeza mafuta kidogo ili aiweke boti sawa. Ukasikika mvumo mzito, halafu mtikisiko, halafu kimya.

"Imenyonya kamba!" Injinia alipiga kelele. "Weka rivasi! Itaitapika!"

Hivyo ndivyo walivyofanya siku zote na boti ya zamani. Kamba ikijiviringisha kwenye propela, unarudisha nyuma kidogo na inajifungua. Mama Pacha akawasha, akaweka rivasi. Mashine ikanguruma, ikazima. Akawasha tena. Ikazima. Mara ya nne harufu ya plastiki iliyoungua ikajaa botini.

"Basi, mwanangu," alisema Mzee.

Lakini Mama Pacha hakusikia. Aliwasha mara ya tano, na safari hii mashine haikutoa hata mlio.

Walikata kamba iliyowaunganisha na boti ya vitunguu, wakatia nanga. Wavuvi wawili wa mtumbwi waliwakuta baada ya muda wa saa tatu. Kupanda mto kwa makasia na mgonjwa kusingewezekana. Kilichobaki kilikuwa kurudi nyumbani, maana mkondo ulielekea huko. Mama Pacha aliiona njia ya hospitali ikizidi kuwa mbali. Alimpigia simu muuguzi.

"Mleteni kesho," muuguzi alisema. "Kesho saa kumi jioni kuna nafasi moja ya mashine. Jumapili hatufungui. Asile chumvi, na maji apimiwe kwa kikombe kidogo. Na dada, msikose. Mzee wako hawezi kusubiri hadi Jumatatu."

Jumamosi asubuhi mizani ilionyesha kilo nne zaidi. Miguu ya Mzee ilikuwa imevimba hadi magotini. Alikuwa ameketi kitandani, ameegemea mito mitatu, anavuta pumzi fupifupi.

"Tutakwenda, Baba. Nitatafuta njia."

"Mwanangu, kaa hapa." Alipiga godoro kwa kiganja. "Mimi nimechoka. Mnanibeba mara tatu kwa wiki kama gunia. Nanyi mmechoka, nawaona. Mashine imekufa. Acheni na mimi nipumzike."

"Usiseme hivyo, Baba."

"Nasema. Hata ukiitengeneza leo, Jumatatu mimi siendi."

Mama Pacha alitoka nje akaketi kwenye ngazi ya jikoni. Akalia bila kujificha. Ni yeye aliyewasha mara tano. Ni mkono wake. Kama baba yake angekufa kesho, angekufa kwa mkono huo, na hakuna mtu angemwambia hivyo usoni, ila yeye angejua maisha yake yote. Hakuna kitu alichokiona mbele yake asubuhi ile.

Jirani wa nyumba ya pili alimkuta hapo. Alikuwa mama wa makamo aliyetengeneza pampu za kumwagilia bustani. Watu walimwita Fundi Pampu.

"Nimesikia habari za boti," alisema. "Pole, mwenzangu. Naweza kuiangalia?"

Injinia alikuwa amefika pia. "Shangazi, hii ni mashine ya boti. Si pampu ya mchicha."

"Ndiyo kosa lenu," Fundi Pampu alijibu bila kukasirika. "Mnafikiri ni boti. Kitu kinachonyonya maji hapa na kuyatupa pale kinaitwaje?"

"Pampu," Injinia alikubali. Ilikuwa mara ya kwanza.

Boti ilikuwa imevutwa hadi kwenye mchanga wa kando ya nyumba. Waliiinua kwa magogo. Injinia alijitosa chini yake mara moja, akanyoosha mkono kuelekea kwenye tundu.

"Toa mkono!" Fundi Pampu alimfokea hadi majirani wakageuka. "Ufunguo uko wapi?"

"Kwenye swichi."

"Mtu mmoja aguse hapo juu kwa bahati mbaya, na vidole vyako vitabaki humo. Ufunguo unatoka kwanza. Halafu waya wa betri. Halafu ndipo mkono."

Mama Pacha alichomoa ufunguo na kufungua waya wa betri. Hakujua auweke wapi ufunguo. Mzee alikuwa amebebwa kwenye kiti hadi chini ya kivuli cha ukuta, apate hewa. Akampa yeye. Mzee aliufumba kwenye kiganja.

Fundi Pampu alimulika tochi kwenye tundu. Kamba ilikuwa imezunguka mhimili, kile chuma kirefu kinachozungushwa na mashine, mara nyingi, na sehemu yake ilikuwa imeyeyuka na kuganda.

"Mliwasha tena baada ya kunyonya?"

"Mara tano," alisema Mama Pacha. "Niliweka rivasi ili ijifungue." Sauti yake ilikatika.

"Sikiliza. Kwenye propela, ukiweka rivasi, chuma kinazunguka kinyume. Humu hakizunguki kinyume. Rivasi ya jeti ni kifuniko tu kinachoshuka nyuma na kuyageuza maji. Ndani, mashine inaendelea kuzunguka upande uleule. Kila ulipowasha, uliikaza kamba zaidi, na joto likaiyeyusha."

Mama Pacha akafunika uso. "Kwa hiyo nimeiua mwenyewe."

"Hukuambiwa. Aliyekuuzia alipaswa kukuambia." Fundi Pampu alimgeukia Mzee. "Shikamoo, Mzee. Uzi ukijisokota ndani ya cherehani, ulikuwa unafanyaje?"

Mzee alikuwa amefumba macho. Mama Pacha alifikiri amelala.

"Unaondoa mguu kwenye pedali," Mzee alisema polepole. "Kwanza kabisa. Ukikanyaga tena, umeharibu. Halafu unageuza gurudumu kwa mkono, kinyume, kidogokidogo. Unavuta uzi kwa mkono mwingine. Ukigoma, unakata vipande vifupi."

"Umemaliza. Sina la kuongeza."

Wakafanya hivyohivyo. Fundi Pampu alifungua kifuniko kilichokuwa ndani ya boti, juu ya mhimili. Mama Pacha aliushika mhimili kwa mikono miwili na kuugeuza kinyume na mzunguko wa mashine. Injinia, chini, aliivuta ncha ya kamba. Haikutoka.

"Usivute kwa hasira," Mzee alisema kutoka kwenye kiti chake. "Subiri ageuze, ndipo uvute."

Mzunguko mmoja, kipande kama shibiri moja. Mzunguko mwingine, hakuna kitu. Palipoyeyuka Fundi Pampu alikata kwa kisu kifupi, kipande kwa kipande. Saa nne ikapita, saa tano ikapita. Mama Pacha aliacha kutazama saa kwenye simu yake. Mara mbili alisema, "Haiwezekani." Mara mbili Fundi Pampu alimjibu, "Geuza."

Saa saba kasorobo kipande cha mwisho kilitoka, cheusi na kigumu. Fundi Pampu alizungusha mhimili. Ulizunguka kwa wepesi. Alimulika tena akitafuta nyuzi zilizobaki, akagusa vyuma vya tundu kimoja kimoja. Kimoja kilikuwa kimepinda, akakinyoosha. Ndipo walipoirudisha boti majini, wakafunga waya wa betri, wakachukua ufunguo kwa Mzee, na mashine ikawaka.

"Kama ungezima mara ya kwanza na kuiacha," alimwambia Mama Pacha, "ingekuwa kazi ya muda wa kunywa chai. Siku nyingine ikinyonya: zima, toa ufunguo, tia nanga. Usiwashe tena. Na ukimvuta mtu, mmoja wenu kazi yake iwe kamba tu. Isilegee. Ukisimama, kamba inaingia botini kabla mashine haijawaka tena."

Walifika hospitali saa tisa na nusu. Mzee hakuweza kuzungumza tena, midomo ilikuwa imegeuka rangi. Wauguzi wawili walimchukua mikononi mwa Injinia. Mlango ulifungwa, na Mama Pacha akabaki kwenye benchi ya korido, mikono inanuka mafuta ya mashine, akisubiri mtu atoke kumwambia chochote.

Saa mbili usiku muuguzi alitoka. "Mmemuwahi," alisema. "Amelala vizuri. Mkija Jumatatu, njooni mapema."

Mama Pacha aliitikia kwa kichwa. Hakuwa na nguvu ya kumwambia kwamba baba yake alikuwa ameapa kutokuja.

Jumatatu aliamka gizani. Alikuwa ameyapanga maneno ya kumbembeleza, akayarudia moyoni akielekea chumbani. Alijua kwamba mashine ya hospitali haiponyi, na kwamba safari hizi hazina mwisho mwema anaoweza kumwahidi. Alisukuma mlango. Kitanda kilikuwa kimetandikwa.

Alikimbia hadi mtoni, moyo ukimpiga. Mzee alikuwa ameketi ndani ya boti, fimbo yake kando. Kamba mpya ilikuwa mapajani mwake, ameizungusha vizuri na kuibana kwa mikono yake yote miwili. Injinia alikuwa amesimama gatini, hana la kushauri.

"Umechelewa," alisema Mzee. "Na kuanzia leo hakuna anayewasha mashine hii mpaka mimi niseme."

Mama Pacha alipanda, akashika usukani. Alingoja. Machozi yalikuwa yanamtoka, naye hakuyafuta.

Mzee aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akainama kutazama maji nyuma ya boti.

"Kamba iko ndani," alisema. "Washa, mwanangu. Twende."