Nilimwambia Mwanangu Alale Suhar

Nina umri wa miaka hamsini na nne, nina mke mmoja, watoto wanne na maduka matatu ya spea za magari hapa Wattaya, Maskati. Ndivyo nilivyozoea kujitambulisha kwa watu, maduka yangu hayakosi kutajwa. Leo nayataja kwa aibu, wasomaji wenzangu, na mkisoma mpaka mwisho mtajua kwa nini.

Nililetwa Oman kutoka Unguja nikiwa na miaka kumi na miwili, darasa la tano sijalimaliza. Huku sikuingia skuli tena. Niliosha magari, nikawa msaidizi wa fundi, nikauza spea kwenye duka la mtu, mpaka nikafungua langu. Niulizeni spea ya gari yoyote inayotembea Maskati, nitakutajieni nambari yake bila kutazama popote! Hakunibeba mtu. Kiswahili naandika kama mnavyoona, Kiarabu nakisema kama maji, Kur'ani naisoma kila siku. Lakini karatasi za ofisini... Kiarabu kile cha maofisi kikiwekwa mbele yangu, naona mistari tu. Siri hiyo aliijua mke wangu Zuwena peke yake, na hata yeye hakuijua yote.

Mwanangu wa kwanza ni Nasir. Mwaka jana alikuwa na miaka ishirini na mbili, anamalizia uhandisi, anasomeshwa kwa ufadhili aliouchuma kwa akili yake. Na juu ya hayo alikuwa golikipa na nahodha wa timu ya chuo. Baba gani asingevimba kichwa?

Ligi yao ya vyuo ilikuwa ikichezwa Ijumaa baada ya Alasiri. Watazamaji walikuwa ndugu na marafiki, basi. Ikaja televisheni moja ikasema itaonyesha mechi zao, ila zichezwe siku za kazi baada ya Isha, kwa sababu Ijumaa na Jumamosi, mapumziko ya huku, zimejaa mechi za timu kubwa. Tukaitwa kikao, wazazi na sisi tuliochangia. Mimi ndiye niliyetoa jezi, jina la duka langu kifuani.

Vijana hawakutaka. Nasir alisimama akaeleza kwa adabu kwamba siku za kazi wana masomo ya asubuhi, kwamba safari za Suhar na Nizwa ni ndefu, kwamba wenzao wanaotoka Yiti hawana wa kuwarudisha makwao usiku. Kocha alikuwa anatikisa kichwa kukubali. Hapo nikasimama mimi.

Niliwaambia kwamba umri wao mimi nilikuwa nafanya kazi mpaka saa sita ya usiku, na alfajiri niko juu ya miguu yangu, na sikufa. Nikasema sikushona jezi zikatazamwe na mbuzi wa njiani. Watu wakacheka, na walipocheka nikazidi kusema. Kikao kikapitisha siku za kazi. Nasir alikaa akatazama zulia.

Mnataka kujua kilichonisukuma? Si mapenzi ya mpira. Nina mtoto wa ami yangu, Hemed, amesoma, ana cheo katika ofisi moja ya serikali kule Khuwair. Kila akija majlis kwangu, sebule yangu ya wageni, watu wanamzunguka, huyu ana barua asomewe, yule ana shida atatuliwe. Mwenye nyumba nimekaa pembeni nawamiminia kahawa! Nilitaka usiku mmoja wote wakae kwangu watazame kitu changu mimi. Ndilo hilo tu.

Timu ikaingia nusu fainali. Mechi ikapangwa Jumatatu, Suhar. Na Jumanne saa mbili asubuhi Nasir alikuwa na mtihani, hapa Maskati.

Njia ilikuwepo. Wachezaji waliruhusiwa kuahirisha, lakini anayesomeshwa kwa ufadhili ilimpasa mzazi wake apeleke maombi kwenye ofisi ya ufadhili huo, Khuwair, mwisho Jumapili adhuhuri. Nasir aliniambia Alhamisi. Akaongeza kwamba nikiwa na kazi nyingi atamwomba ami Hemed, maana ofisi yake iko mtaa huo huo.

Nilihisi kama nimepigwa kofi. Nikamwambia, "Hemed wa nini? Khuwair hakuna mlango usionijua mie."

Jumapili asubuhi nikavaa dishdasha mpya, nikajifukiza udi, nikaenda. Dirishani alikuwepo mama mmoja wa makamo, mpole sana. Aliniuliza jina la mwanangu, akanipa fomu ya kurasa mbili, akanionyesha kiti. Nikakaa nayo. Jina la Nasir nililiandika. Jina langu nililiandika. Baada ya hapo... mistari. Kijana aliyekaa ubavuni mwangu alijaza yake kwa dakika tatu akaondoka. Akaja mwingine, naye akajaza akaondoka.

Yule mama aliniona. Akaniita kwa wema, lakini kwa sauti, anisaidie kujaza? Vichwa vikageuka. Nikamjibu kwamba nimesahau miwani dukani, narudi sasa hivi. Nikaikunja fomu nikatoka nayo.

Mimi sivai miwani, wasomaji. Sijapata kuvaa miwani maisha yangu!

Wallahi nilinuia kumpa kijana wangu wa dukani aijaze. Lakini nilipofika dukani mzigo wa spea ulikuwa umeshushwa, wateja wamejaa, nikashika hili na lile... na aibu nayo ilikuwa inanivuta nyuma, kwani huyo kijana angejua. Adhana ya Adhuhuri ikanikuta na ile fomu mfukoni. Nikajipa moyo kwamba nitampigia simu mkubwa mmoja ninayemuuzia spea. Sikumpigia.

Baada ya Magharibi Nasir akaniuliza kama wamepokea. Alikuwa na kitabu mapajani.

Nikasema, "Khalas. Nshamaliza."

Akauliza kama wamenipa karatasi yoyote ya kuonyesha. Nikamwambia mtu kama mimi nikiingia pahala karatasi ya nini? Akacheka, akanibusu kichwa, akafunga kitabu.

Akafunga kitabu... Mpaka leo nauona ule mkono wake unavyokifunga.

Jumatatu majlis yangu ilijaa. Watu kama thelathini, halwa, kahawa, na Hemed katikati. Mechi ikafika penalti na Nasir akazidaka mbili. Watu waliniangukia shingoni! Nilikuwa naogelea kwa furaha, jamani. Simu ikalia, ni yeye. Nikaiweka sauti ya juu kila mtu asikie.

Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kupiga kelele. "Baba, kuna gari ndogo inawarudisha Maskati wenye mtihani kesho. Kocha anauliza, nipande au nilale huku na wenzangu?"

Watu wakanyamaza wanisikilize. Mlango wa uani ulikuwa hatua tatu kutoka nilipokaa. Ningetoka nikamnong'oneza, "Panda gari, mwanangu, sijafanya kitu." Angefika, angelala saa mbili tatu, angeufanya mtihani wake hata kwa usingizi. Lakini Hemed alikuwa ananitazama na kikombe mkononi.

"Lala, babaangu," nikasema. "Mie nshamaliza kila kitu."

Mtihani ukafanywa bila yeye. Akaandikiwa hakuhudhuria, bila ruhusa, sifuri. Sharti la ufadhili wake halikuwa na mchezo na jambo hilo. Wiki ya pili barua ikafika ya kumwondoa, miezi michache kabla ya kumaliza!

Sasa sikilizeni kinachonikata maini. Nasir aliniamini bado! Alikwenda Khuwair kunipigania. Zuwena ndiye aliyenieleza kwamba mtoto ametoka asubuhi anasema, "Watakuwa wameipoteza wao, baba yangu hasemi uongo." Alirudi kabla ya Adhuhuri, akaingia chumbani kwake.

Ijumaa tukakaa kwenye sinia. Hemed alikuwepo. Akasema Jumapili atakwenda mwenyewe, na yule mama wa dirishani lazima aulizwe maombi ameyatia wapi. Zuwena kwa uchungu akasema mtu kama huyo afukuzwe kazi. Mimi mkono wangu umo kwenye wali, haupandi wala haushuki.

Nasir akasema taratibu, "Usende, ami. Hawakupoteza kitu. Baba kafanya yake, ilibaki saini yangu mie, sikwenda kuitia. Nlijua kama sina ruhusa, nkalala tu."

Akanitazama mara moja, akarudi kwenye sahani ya saladi. Nikajua kwamba yule mama amemwambia yote. Mwanangu alikuwa anajitia tope mbele ya ukoo mzima ili mimi nibaki msafi.

Na mimi nilisema nini? Nilimeza tonge langu, nikasema, "Vijana wa siku hizi hawajali."

Ndiyo, nilisema hivyo! Hakuna aliyenilazimisha.

Kuanzia siku hiyo Zuwena alimgeuzia mwanawe uso. Nikamwambia Nasir nitamlipia masomo mwaka mzima, fedha ninazo. Akanijibu kwa heshima kwamba tatizo si fedha. Mpira akauacha. Akapata kazi ya ghala huko Duqm, akahama. Akipiga simu, mama yake anamjibu maneno mawili na kukata. Mimi ananiamkia, ananiuliza afya, basi. Hapo zamani alikuwa haanzi jambo bila kuniuliza. Siku hizi hata nikimwambia barabara ya Duqm ina mchanga, najua atauliza kwa mwingine kama ni kweli.

Miezi saba nilikaa hivyo, nauza spea, natembea kifua mbele. Mpaka asubuhi moja nikamsikia Zuwena anapiga pasi, anazungumza na dada yake kwenye simu. Anasema Nasir ameitupa bahati yake mwenyewe kwa usingizi, na yeye kama mama hana tena hamu ya kumwona. Nikangoja akate simu, nikamwambia. Fomu, miwani, mzigo wa spea, yote.

Akazima pasi. Hakulia kwanza. Akasema, "Miezi saba nnamnyima mwanangu sauti yangu kwa ajili ya heshima yako wewe."

Akampigia pale pale, na hapo ndipo alipolia. Kisha akanisukumia simu. Nikamwomba mwanangu radhi.

"Mie nshakusamehe, baba," akasema. "Lakini siku ile uliniambia nilale mbele ya watu thelathini. Na kwenye sinia ukansema mbele ya ami. Wao je?"

Nikamrudishia Zuwena simu yake.

Wiki iliyopita tumeitwa tena kikao cha ligi. Televisheni imependa, inataka siku za kazi ziongezwe. Wengi waliokuwepo kwangu usiku ule walikuwepo pale, na Hemed pia. Wakanipa nafasi nizungumze wakitegemea yale ya mbuzi wa njiani.

Nikawaeleza. Mmoja alicheka mwanzoni, akidhani mimi, Abu Nasir, nina masihara yangu. Nikaendelea. Nilipofika kwenye miwani hakucheka mtu.

Hemed akasema, "Ungenambia tu, ningekujazia."

Nikamjibu, "Ndiyo sababu sikukwambia."

Nikawaambia jezi nitatoa hata zisipoonwa na mtu, ila mechi zirudi Ijumaa, kwani mtoto anayesoma, usiku wake wa siku za kazi ni wa kitabu na usingizi. Uamuzi bado haujatoka. Televisheni ina nguvu kuliko mimi, na mimi ndiye niliyeipa nguvu hiyo.

Nimempigia Nasir nikamwambia nimesema. Akauliza nilisema nini hasa, nikamkariria neno kwa neno. Akasema, "Haya, baba." Hajarudi chuoni. Sijui kama atarudi.

Wazazi wenzangu, hasa nyinyi mliojipatia mali bila skuli kama mimi, nawasihini. Msiwauze watoto wenu mchana wala usiku ili watu wawapigieni makofi. Na mwanao akikuuliza kama umemfanyia jambo lake, na hujamfanyia, mwambie "sijafanya". Ni neno moja tu. Mimi lilinishinda kulisema, nikiwa nimekaa kwenye majlis yangu mwenyewe.