Mbavu za Gitaa la Mama Lavender

Ko. Ko. Ko.

Sauti hiyo ilimwamsha Kasiva kabla ya mapambazuko. Babu yake, Mzee Munyao, aliketi kando ya jiko akigonga gitaa jipya kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Mkono wake wa kulia ulikuwa bado umefungwa bendeji. Uliungua mwezi wa Januari, alipookoa randa na patasi karakana yao katika mtaa wa Laini Saba iliposhika moto wakati wa fujo.

Tangu siku hiyo waliishi Kawangware kwa Mama Lavender, aliyewapa chumba cha mbele bila kuuliza watakaa hadi lini. Gitaa lake la kufundishia watoto nyimbo kanisani lilikanyagwa siku watu walipokimbia fujo hizo. Babu alitaka kumwachia jipya kabla ya kurudi nyumbani. Hakuwa na shukrani nyingine ya kumpa.

"Limelala," alinong'ona. "Halilii. Labda masikio yangu yamekwisha. Labda kazi hii imenishinda."

Kasiva akajifunika shuka hadi kichwani. Kwa sababu ya mkono wa Babu, yeye ndiye aliyechonga mbavu, vile vijiti vya ndani vinavyoushikilia ubao wa mbele. Babu alimwagiza atumie mbao nyepesi ya saiprasi, unene wa penseli. Yeye akachukua mbao ngumu ya fremu ya mlango, akaziacha mbavu nene kama kidole gumba. Kisha Babu alipokwenda kliniki, akaugundisha mgongo wa gitaa ili mbavu zisionekane. Alipoulizwa, alijibu, "Nimefanya vile ulisema."

Sasa alitoa kichwa nje ya shuka. "Babu, masikio yako ni mazima. Ni mimi." Akamweleza yote. "Nilitaka lisivunjike tena. Kila kitu kimevunjika."

Mzee aliligeuza gitaa, akaupapasa mgongo wake. Labda alikuwa amechoka mno kukasirika.

"Pasha kisu moto," alisema. "Tuilegeze gundi, tulifungue."

Lavender, binti wa mwenyeji wao, alipoona yaliyokuwa ndani, alicheka. "Kasi, hii ni gitaa ama ni geti?"

"Wacha kumcheka, wewe. Shika taa," mama yake alisema. Aliposikia kwamba saiprasi kavu imekwisha, aliinua godoro lake akachomoa chaga moja ya kitanda. "Hii pia ni saiprasi, imekauka miaka kumi. Chukueni."

Babu alimwonyesha Kasiva mistari ya mbao, iliyonyooka na kukaribiana. Kasiva akaipasua chaga kwa patasi, si kwa msumeno, ili mpasuko uifuate mistari hiyo. Akapiga randa hadi unene wa penseli, na ncha akazipunguza zaidi.

Siku ya tatu, gundi ilipokauka, Babu aligonga. Gitaa likaitika. Mama Lavender alipopiga nyuzi, majirani walisimama mlangoni kusikiliza, na kwa mara ya kwanza tangu Januari mlango uliachwa wazi.

"Ubavu huushika ubao na kuuachia nafasi ya kutikisika," Babu alimwambia Kasiva. "Ukiubana kwa hofu hauvunjiki, lakini hauimbi. Nao uongo ungebaki humo ndani. Hakuna ambaye angeuona, ila kila Jumapili ungesikika. Umefanya vyema kuniambia."

Walipofunga mizigo, Mama Lavender aliwasindikiza hadi barabarani, akamshika Kasiva mkono.

"Kitanda changu kina pengo sasa. Jumapili niletee chaga nyingine," alisema. "Na hata usipoipata, njoo tu."