Mikono ya Kifungo na Ngoma Asiyoicheza

Nyumbani kwetu kuna cherehani mbili na midomo minne, na midomo ndiyo hufanya kazi zaidi. Mama hukata, Baba hushona, mimi hupiga pasi. Mdogo wangu wa kike wa miaka kumi, tunayemwita Kifungo kwa udogo wake, hutunga sindano uzi.

Siku moja mikono yake ilianza kurukaruka. Vikombe vilimponyoka. Uso ulijikunja wenyewe. Mimi, na kidato changu cha nne, nikamwita Mcheza Shoo. Nilijiona mchekeshaji kweli.

Mwalimu hakucheka. Aliona mwandiko kama kuku amepita daftarini, akamrudisha nyumbani mpaka aache maigizo.

"Kaka, siyo mimi," Kifungo aliniambia. "Mkono unaondoka wenyewe."

Sisi mafundi tuna dawa yetu. Pazia likipepea, tunalishonea vyuma vidogo kwenye upindo, linatulia. Basi Mama akashona vyuma kwenye mikono ya sweta la Kifungo. Tukasifiana. Mikono ikaendelea kuruka, sasa na vyuma vyake, na mmoja ukanipata puani. Nilistahili.

Muuguzi wa kituo cha afya alikuja kuchukua gauni lake la kazi. Alilipapasa lile sweta, akauliza kama mikono huruka Kifungo akilala. Mama akasema hapana, akilala hutulia kabisa. Muuguzi akampa vidole viwili avibane. Kifungo alibana, akalegeza, akabana tena, kama anayekamua ng'ombe. Kisha muuguzi akauliza habari za koo. Baba akakumbuka: miezi miwili nyuma koo lilimuuma, akawa na homa. Yeye na Mama walimpa maji ya chumvi asukutue, maumivu yakaisha.

"Hayakuisha, Baba," alisema muuguzi. "Hii inaitwa korea. Na kabla hujaniuliza, si ile nchi."

Baba akafunga mdomo.

Muuguzi akatueleza kwamba neno hilo limetoka kwenye Kigiriki, na maana yake ni ngoma. Zamani uliitwa hivyo ugonjwa wa watu waliocheza bila kuweza kuacha. Baadaye madaktari wakauita hivyo karibu kila mtetemo wa mwili, hata wa kope. Leo ni jina la miruko isiyo na mpango, inayohama kutoka kiungo hadi kiungo. Kwa watoto, mara nyingi hufuata ugonjwa wa koo. Kinga ya mwili inapigana na vijidudu, kisha inakosea na kuushambulia ubongo. Wakati mwingine na moyo.

Kusikia moyo, Mama alishika mkasi akaanza kufumua vyuma.

Hospitali walimpima. Moyo ulikuwa umeguswa kidogo tu. Daktari akasema tumewahi, na kwamba atachomwa sindano ya penisilini kila mwezi, kwa miaka, ili ugonjwa wa koo usimrudie na kuuharibu moyo. Hakukosa hata moja. Mimi ndiye niliyefumba macho.

Baada ya miezi minne mikono ilitulia, akarudi shuleni. Mwalimu alimwomba radhi mbele ya darasa, akamtaka aeleze ugonjwa wake. Kifungo alieleza yote, ngoma ya Kigiriki ikiwemo. Kisha akauliza nani koo linamuuma na ana homa.

Mikono mitatu ikanyooka. Wa nne ulikuwa wa mwalimu.

Kifungo akawaambia wote waende kituo cha afya leo hii. Walikwenda. Na Mama, aliyekuwa nje ya dirisha la darasa, alimsimamisha kila mpita njia kumwambia kwamba huyo anayewapanga watu ni binti yake.