Dawa Mdomoni mwa Kapi

Rafiki yangu Neville hajui kutunga. Mwongo wa kundi letu ni mimi. Alikuwa siku ya tatu peke yake kwenye ziwa la chama chao cha uvuvi, huko Essex, Uingereza, lango amelikomea mwenyewe, akimwinda kapi, samaki wa ziwani, mkubwa aliyemsumbua miaka. Mkewe Maureen akampigia simu.

“Ukimkosa tena, mzee, fimbo za kuvulia zinauzwa. Uliapa.”

“Nakumbuka, mama. Kesho utaona picha yake.”

Giza lilipoingia, king'ora cha uzi, kile cha kumjulisha samaki amenasa, kikalia mfululizo. Neville akatoka hemani na soksi tupu, akavutana na samaki mpaka akamchosha, akamlaza kwenye mkeka uliolowa. Ndiye. Fimbo zimepona.

Kwa desturi yao, samaki hupakwa dawa ya rangi ya zambarau pale ndoana ilipotoboa, kisha hurudishwa majini. Neville akawasha taa ya kichwani. Ng'ambo ya ziwa, kitu kikatumbukia chubwi, kisha kimya.

Mdomoni mwa samaki, karibu na ndoana yake, palikuwa na tundu jingine. Akaligusa. Kidole kikatoka na dawa ileile ya zambarau, bado mbichi.

Chupa yake ya dawa ilikuwa mfukoni, haijafunguliwa.