Maji ya Bluu ya Candida

Kila Jumamosi asubuhi, Candida alimsaidia mama yake kufungua duka lao la vyombo vya plastiki Kariakoo. Alitoa nje ndoo, mabeseni na majagi, akavipanga kwa ukubwa, kisha akaenda mtaa wa Gerezani kwenye mafunzo ya kompyuta. Darasa lilikuwa ghorofani, juu ya maduka ya vipuri, na mara nyingi walisoma huku mafundi wakigonga vyuma chini yao.

Candida alikuwa kidato cha kwanza. Katika mafunzo hayo alijifunza kutengeneza michoro inayotembea, kama ile ya kwenye matangazo ya televisheni. Alielewa haraka kuliko wenzake, na alilijua hilo.

Siku moja mwalimu wao, Severa, aliwapa kazi. Mvua za masika zilikuwa karibu, na shule moja ya msingi huko Jangwani, mtaa unaofurika kila masika, iliomba filamu fupi ya kuwaonya watoto wa darasa la kwanza wasicheze kwenye maji ya mafuriko. Candida alipangwa na Husna, msichana mpole aliyeishi Jangwani. Husna alitaka wachore maji kama anavyoyajua yeye: ya kahawia, yenye takataka na uchafu wa vyoo. Alieleza kwamba mdogo wake aliwahi kuyachezea, akaharisha hadi akalazwa hospitalini. Candida alimsikiliza nusunusu. Alisema hakuna anayependa kutazama uchafu, afadhali aachiwe yeye kazi hiyo.

Alipojaribu kuchora wimbi, lilikataa kutembea. Alijaribu tena, likapepea kama shuka kwenye kamba. Uvumilivu ukamwisha. Akaingia mtandaoni, akachukua mawimbi yaliyotengenezwa na mtu mwingine, ya bluu na yenye kung'aa, akaongeza mtoto anayeteleza na maneno yanayozunguka. Mwalimu Severa alipouliza, Candida alijibu kwamba amechora kila kitu kwa mkono wake. Husna alimtazama tu.

Siku ya kuonyesha filamu, watoto wa shule ile ya Jangwani walijazana darasani mbele ya ukuta mweupe. Mawimbi yalipotokea, wakapiga makofi. Mtoto alipoanguka majini, wakacheka. Filamu ilipoisha, msichana mdogo akanyoosha mkono.

"Mwalimu," aliuliza, "na sisi tutaenda kuogelea lini?"

Candida aliona aibu. Husna aliinamisha kichwa, akatazama viatu vyake.

Waliporudi Gerezani, Mwalimu Severa alimwambia Candida ayafanye maji yawe ya kahawia, tena mazito, mtoto aonekane akipambana nayo. Candida alibonyeza hiki na kile. Mawimbi yalisimama, yakapotea, yakarudi yakiwa ya bluu vilevile. Wenzake walikuwa wakimwangalia. Mwishowe akatoa mikono kwenye kompyuta.

"Siwezi, mwalimu. Maji haya si yangu. Niliyachukua mtandaoni."

Mwalimu Severa hakumgombeza. Alisema tu kwamba filamu ile haitatumika, na kwamba ameomba shule iwasubiri watengeneze nyingine. Kama mvua zitaanza kabla hawajamaliza, watoto wataingia majini bila kuonywa na mtu yeyote.

Candida alirudi dukani amekasirika. Aliikasirikia kompyuta, akamkasirikia mwalimu, akamkasirikia hata Husna kwa kuwa alisema kweli tangu mwanzo. Alimweleza mama yake yote yaliyotokea, akasema anaacha mafunzo. Mama alikuwa akifunga mzigo wa mteja, hakusimamisha mikono.

"Kuacha unaweza," alisema. "Lakini Husna utamwambia nini? Kwamba kazi imewashinda? Mbona hujaifanya bado?"

Kesho yake Candida alikwenda Jangwani. Alimwamkia mama yake Husna, akaitikiwa marahaba, kisha akamwomba Husna msamaha na kumtaka amwonyeshe jinsi watu wanavyotembea kwenye mafuriko. Husna alikubali, ingawa hakutabasamu. Uani pale alikunja gauni, akavuta mguu mmoja polepole, akapapasa ardhi kwa kidole cha mguu, ndipo akavuta wa pili. Alieleza kwamba mashimo na mitaro haionekani, na mtu akikosea hatua moja anazama. Candida alimrekodi kwa simu.

Kuchora kulikuwa mateso. Kila hatua ilihitaji picha nyingi, kila moja ikitofautiana kidogo na nyingine. Mguu wa mtoto ulionekana umevunjika. Walipourekebisha, akawa anaelea kama puto. Jumamosi iliyofuata umeme ulikatika kabla hawajahifadhi, kazi ya asubuhi nzima ikapotea. Candida alilia kwa hasira mbele ya kompyuta iliyozimika. Husna alikaa karibu naye. Umeme uliporudi, wakaanza upya: Husna akipaka rangi, Candida akichora miguu.

Filamu ya pili haikuwa na maneno yanayozunguka. Mtoto aliingia kwenye maji ya kahawia akifuata mpira wake. Maji yalimfika magotini, kisha mguu wake ukazama kwenye shimo lisiloonekana, na jirani akamvuta kwa shida. Baadaye alionekana kitandani, ameshika tumbo.

Walipoionyesha shuleni, safari hii hakuna aliyecheka. Mtoto alipokaribia shimo, watoto wa mbele walimwambia arudi, kana kwamba anawasikia. Mmoja alipandisha miguu yake juu ya benchi.

Mwalimu mkuu wa shule hiyo alimshika Candida mkono, akampongeza. Candida alimwambia kwamba wazo lote ni la Husna, na yeye alichelewa kulisikiliza. Hapo ndipo Husna alipotabasamu.

Walipokuwa wakitoka, Mwalimu Severa aliwasimamisha getini.

"Candida, mara ya kwanza ulitafuta kusifiwa, ukachukua jasho la mtu ukasema ni lako," alisema. "Ndiyo maana nilipokwambia urekebishe, ulikwama. Kazi uliyoitolea jasho mwenyewe unaijua, na ikiharibika unaweza kuitengeneza. Kubali kukosea, uliza anayejua, kisha rudia. Hivyo ndivyo mtu anavyokuwa fundi."

"Nimekuelewa, mwalimu," Candida alijibu. Kisha akamgeukia Husna, akamuuliza filamu inayofuata wachore nini.