Mstari Usio na Nyumba

Mama alipakua sahani nne kama kila jioni: ya mumewe fundi viatu, ya mama mkwe, ya mtoto na yake. Wakamshukuru Mungu, wakaanza kula. Ndipo sauti ndogo ikatoka pembeni mwa mkeka: "Mama, mimi je?"

Fundi alikuwa anakula. Mkwe anakula. Yeye mwenyewe anakula. Sahani ya nne ilikuwa chini, mbele ya mahali patupu, na chakula chake kilikuwa kimeshapungua.

Fundi akacheka, akasema kompyuta zimemmaliza mke wake, sasa anapakulia hewa. Mtoto, waliyemwita Kasuku kwa kupenda maneno, akala sahani ya mama yake. Mama hakucheka. Alikuwa amesikia harufu ya nyumba iliyofungwa siku nyingi, vumbi na unyevu, ingawa madirisha yote yalikuwa wazi.

Kazi yake ilikuwa kusafisha takwimu. Serikali ilipotoa mafaili ya sensa ili kila raia ayasome, yalifika kama mzigo uliofungwa na mtu mwenye hasira: herufi zisizosomeka, safu zisizo na vichwa, tarehe zilizogeuzwa nyuma mbele. Yeye aliyafumua, akayapanga kwenye jedwali ambalo watafiti wangeweza kulichambua. Hamkuwa na majina humo. Kila mtu alikuwa mstari mmoja: umri, jinsia, na namba ya nyumba, ile iliyopakwa rangi juu ya kila mlango.

Katika faili la mwisho, siku chache kabla ya jioni ile, alikuta mstari wa mtu asiye na umri, asiye na jinsia, asiye na nyumba. Ulionyesha tu kwamba yupo. Mwenzake wa meza ya jirani, aliyeitwa Mhandisi ingawa hakuwahi kujenga hata banda la kuku, akamwambia aufute. Akaufuta, jumla ya watu ikakataa kulingana na ile ya serikali. Akaurudisha, programu ikagoma kumpokea mtu asiye na makazi. Bosi alikuwa anasubiri. Basi akaandika namba ya nyumba yake mwenyewe, kwa kujaribu tu, aone kama itapita, halafu arekebishe. Likatokea onyo: nyumba hii ni ya watu wanne, sasa wamo watano. Akalizima. Faili likapita, likatumwa, naye akasahau. Mungu atusamehe, maana uongo wa kazini huwa hatuuhesabu kuwa uongo.

Baada ya jioni ile, Kasuku akaanza kupungua. Si mwili, mwili ulikuwa vilevile. Baba yake alimwacha mlangoni na begi la shule mgongoni, akaenda zake akipiga mluzi. Bibi yake alifunga mlango naye akiwa uani. Kila mmoja aliomba radhi, akajilaumu, kesho akarudia. Na mtoto, aliyekuwa akiongea hata usingizini, akanyamaza, kama mgeni anayeogopa kuchosha wenyeji.

Siku moja mchana mama alikuwa anakunja nguo, na nyuma yake akasikia mtu akivuta pumzi taratibu, pumzi ya mtu aliyeshiba na kuegemea ukuta wa kwake, na hakugeuka, kwa sababu harufu ile ilikuwa imemfika shingoni, akaendelea kukunja, shati la fundi, kanga ya mkwe, shati tena, mpaka mkono wake ukashika gauni dogo la maua, akaligeuza huku na huku, akalitazama kama kitu kilichopeperushwa na upepo kutoka kwa jirani.

"Hili la nani?" akamnong'oneza mumewe, aliyekuwa anashona kiatu mlangoni.

Fundi akalitazama kwa muda mrefu. "Si la..." akasema, akakwama. "Mke wangu, si tuna mtoto sisi?"

Wakamkuta chini ya meza, amejikunyata, ananyonya kidole.

Mtabibu waliyemwita alikuwa mama mnene mwenye pumu, ambaye dua zake zilikatwakatwa na kikohozi. Alisimama kizingitini, akanusa, akakataa kiti. "Nani alimkaribisha?"

Mkwe akasema juzi juzi kuna mtu alibisha hodi, yeye akaitikia karibu akiwa jikoni, na hakuingia mtu. Alilelewa hivyo, nyumba isiyoitikia hodi ni zizi. Ndipo mama akalia, akaeleza habari ya mstari.

"Basi huyo aliyekuja hana kosa," mtabibu akasema. "Umempa nyumba, kaja kwake. Na nyumba ni ya wanne, kwa hiyo mmoja atoke. Amechagua mwepesi wa kubeba."

"Atatoka?"

"Aliyemwandika amfute. Mimi nitamwombea njia. Lakini akibisha tena, asiitikiwe na mtu. Umesikia, bibi?"

Mkwe akasema amesikia.

Mama akaenda kukiri mbele ya bosi, akatukanwa vya kutosha. Mhandisi akakaa naye bila mzaha hata mmoja. Mama akaifuta namba ya nyumba yake, akaacha pengo, Mhandisi akailazimisha programu ilipokee, na chini ya jedwali mama akaandika ukweli: mmoja hajulikani anakokaa. Kisha wakawatumia faili jipya wote waliokuwa na lile la zamani. Huko nyumbani mtabibu alikohoa na kuomba mpaka mlango ukafunguka wenyewe, harufu ikatoka.

Jioni ile zikapakuliwa sahani nne. Kasuku aliongea na chakula mdomoni, mambo ya shule, ya paka, ya jino linalotikisika, na hakuna aliyemnyamazisha. Fundi alikuwa anafuta machozi akisingizia pilipili. Mkwe akainuka kwenda jikoni kuchukua maji.

"Hodi."

Kasuku akanyamaza. Sauti iliyokuwa nje ya mlango ilikuwa yake.

Fundi akaweka kidole mdomoni. Mama akamkumbatia mtoto kwa nguvu.

"Hodi, bibi," sauti ikasema tena, kwa unyonge. "Wamenisahau nje."

Huko jikoni kikombe kikawekwa chini.

"Masikini mjukuu wangu," mkwe akaitikia. "Karibu. Pita ndani."